Jirani Akikuuliza Biblia Yenu Kaiandika Nani

Mkristo anayeishi Unguja lazima aulizwe. Ataulizwa barazani, ataulizwa dukani, ataulizwa ndani ya daladala ya Fuoni na mtu ambaye hata jina halijui. "Nabii Issa kapewa Injili moja, mbona nyie mnazo nne?" "Paulo naye alikuwa mtume wa nani?" "Mbona Biblia ya Minara Miwili ina vitabu vingi kuliko ya Mkunazini?" (Minara Miwili ni kanisa la Wakatoliki, Mkunazini ni letu Waanglikana.) Mara nyingi swali huja kwa heshima, kutoka kwa watu tunaozikana na kupikiana, na linastahili jibu la heshima. Mimi nafundisha vijana wa kipaimara, na kila mwaka wananiletea maswali haya yakiwa yameshawachoma. Nataka kuandika hapa ninachowaambia, kwa sababu naona tunawaacha watoto wetu wakajibu kwa kubahatisha.

Jambo la kwanza, na ndilo kubwa kuliko yote: usiitetee Biblia kwa hoja za Msahafu.

Jirani yako Mwislamu anaamini kwamba Kurani ni maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyoteremshwa kwa Mtume Muhammad kupitia Jibrili, kwa Kiarabu, katika muda wa miaka kama 23. Mtume hakutunga, alipokea. Hiyo ni imani yake na amelelewa nayo tangu chuo cha Kurani. Kijana wetu naye amekulia mtaa huohuo, amesikia sauti za watoto wakisoma kila alasiri, na bila kufundishwa na mtu ameshika kwamba kitabu kitakatifu hakina budi kuwa hivyo. Basi akiulizwa, anajibu haraka, "Na chetu kimeshushwa vilevile." Hapo ndipo anapokwama, maana swali linalofuata ni jepesi: kashushiwa nani, na lini?

Biblia yenyewe haisemi hivyo. Fungua Luka sura ya kwanza, mistari minne ya mwanzo. Luka anamwambia Theofilo kwamba wengi wamekwisha kuandika habari hizi kama walivyozipokea kwa walioona kwa macho, na yeye naye amejitafutia usahihi wa mambo yote tangu mwanzo, kisha anamwandikia kwa taratibu. Huyo ni mtu aliyeuliza watu, akapima, akapanga. Nenda 1 Wakorintho 1:16, Paulo anawataja watu wa nyumbani mwa Stefana kuwa aliwabatiza, halafu anasema zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mtu mwingine. Amesahau! Na katika 2 Timotheo sura ya nne anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, pamoja na vitabu. Zaburi ya 88 ni kilio kitupu, inaishia gizani bila neno la faraja. Mambo haya yamo ndani ya Maandiko Matakatifu, na Kanisa halikuyafuta wala kuyaonea haya.

Kwa hiyo tunaamini nini? Tunaamini lile la 2 Petro 1:21, kwamba "wanadamu walinena yaliyotoka kwa Mungu, wakiongozwa na Roho Mtakatifu". Ni wanadamu kweli, wenye majina, lugha, huzuni na usahaulifu wao, na ni Mungu kweli aliyesema kupitia kwao. Vyote viwili. Ukiondoa ubinadamu wao unaanza kudai yasiyokuwamo. Ukimwondoa Mungu, inabaki historia ya watu wa kale tu.

Tena mamlaka ya Biblia hayaanzii kwenye karatasi. Waebrania inafungua kwa kusema Mungu alisema zamani na baba zetu katika manabii kwa njia nyingi, na mwisho wa siku hizi amesema na sisi katika Mwana. Aliyeshuka kwetu, kwa imani ya Kikristo, ni Yesu mwenyewe. Maandiko ni ushahidi wake. Ndiyo maana katika Yohana 5:39 na 40 anawaambia watu waliokuwa mabingwa wa kuyachunguza Maandiko kwamba hayohayo yanamshuhudia yeye, na bado hawataki kuja kwake wapate uzima. Tunaitii Biblia kwa sababu Bwana wetu mwenyewe aliyatii Maandiko ya Israeli, akamjibu Ibilisi kwa hayo jangwani, na kwa sababu hatuna njia nyingine ya kuyajua maneno na matendo yake isipokuwa kwa mashahidi aliowachagua.

Niliwahi kumweleza hivi bibi mmoja wa mtaani kwetu, mwalimu wa chuo, aliyesomesha Kurani vizazi kwa vizazi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi mwanangu, nyie kumbe mnamfuata mtu kwanza, kitabu baadaye." Nikamwambia, "Ndiyo, Bibi, na kitabu ndicho kinachotwambia huyo mtu ni nani." Hakukubaliana nami, na sikutazamia akubali. Lakini alikuwa ameelewa tunachoamini, na tangu siku hiyo mazungumzo yetu yalikuwa ya watu wawili wanaojuana.

Ukishalikamata hilo, swali la Injili nne linakuwa jepesi. Kadhi akiletewa mashahidi wanne wakasema neno kwa neno, herufi kwa herufi, atashuku wamekaa pamoja kupanga. Mathayo anasema vipofu wawili waliponywa Yeriko, Marko anamtaja mmoja, Bartimayo mwana wa Timayo. Usihangaike kuzifanya ziwe moja. Waache wanne waseme, kila mmoja kwa sauti yake, wakimshuhudia mmoja.

Swali la idadi ya vitabu, lijibu kwa ukweli na ulipite. Wakatoliki wana vitabu 73, Waprotestanti 66. Vile 27 vya Agano Jipya ni sawasawa kwetu sote, na orodha yake tunaiona kamili katika barua ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Tofauti iko kwenye baadhi ya vitabu vya kabla ya Kristo. Katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, Wakatoliki walivithibitisha. Sisi Waanglikana, kwa kanuni ya sita katika zile kanuni 39 za imani za Kanisa letu, tunavisoma kwa mfano wa maisha lakini hatujengi juu yake fundisho la imani. Kanuni hiyohiyo inasema Maandiko yana yote yanayohitajika kwa wokovu, na lisilosomeka humo mtu asilazimishwe kuliamini. Nawaomba vijana wakariri maana yake, kwani itawafaa zaidi huko mbele.

Kuna moja ambalo wazazi wananilaumu kwa kulifundisha, nami nitaendelea. Nawaonyesha vijana kwamba nakala mbili za kale sana za Biblia ya Kiyunani, za karne ya nne, zinaimaliza Injili ya Marko kwenye 16:8, na mistari inayofuata haimo. Nawaambia mapema, darasani, kwa upole, Biblia ikiwa mikononi mwao. La sivyo watakuja kuambiwa na mtu kwenye simu kwa sauti ya ushindi, na watadhani Kanisa liliwaficha. Siku hiyohiyo nawaeleza habari ya gombo la Isaya lililopatikana Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, mwaka 1947, lililozidi kwa umri wa kama miaka 1000 nakala za Kiebrania zilizokuwa zikitegemewa, na lilipolinganishwa likaonekana kukubaliana nazo kwa sehemu kubwa mno. Imani inayojua mambo yote mawili haitikisiki kwa klipu ya dakika tatu.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Tunaweza kujibu maswali yote haya vizuri, na bado Biblia isiwe na mamlaka yoyote juu yetu.

Sisi tunaosali Mkunazini tunasali juu ya ardhi ya soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi ule, ndiye pia aliyefanya kazi kubwa ya kuyatia Maandiko katika Kiswahili cha Unguja. Alifariki mwaka 1882 na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Lakini katika karne hiyohiyo ya 19, huko Marekani, wahubiri walikuwa wamesimama mimbarani na Biblia ileile wakitetea utumwa. Walikuwa na aya: Waefeso 6:5, watumwa watiini mabwana zenu. Imo, hawakuitunga. Walichokwepa ni Paulo huyohuyo akimwambia Filemoni ampokee Onesimo si kama mtumwa tena, bali ndugu mpendwa, ni kitabu cha Kutoka, ni manabii, ni Kristo aliyetwaa namna ya mtumwa. Walichukua aya wakaiacha Biblia. Hata Ibilisi jangwani alikuwa na aya, kutoka Zaburi ya 91.

Hivyo mtu akikurushia aya, iwe mwenye mhadhara au mchungaji wako, soma sura nzima kabla hujasema neno. Na huyu wa pili ndiye ninayemwogopa zaidi siku hizi. Akija mtu kutoka bara, akapanga ukumbi, akajiita nabii, akawauzia mafuta na kuwataka mama zetu watoe ada ya shule ya watoto kama mbegu, wewe uliza limeandikwa wapi. Kuuliza si utovu wa adabu. Watu wa Beroya walimpima hata Paulo kwa Maandiko kila siku, na Matendo 17:11 inawasifu kwa hilo. Mtume alipimwa, huyu wa ukumbini ni nani asipimwe?

Na upimwe wewe pia. Kama tangu mwaka jana Biblia haijakukataza jambo ulilolitaka, haijakurudisha kwa ndugu uliyemnunia, haijakutoa fedha mfukoni, basi huenda unaisoma kutafuta wa kumshinda.

Kuhusu adabu ndogondogo: Biblia yangu ina mistari ya kalamu na nitaendelea kuipiga, lakini siiweki chini wala siweki kikombe juu yake. Majirani wanaona, na wanajua kumheshimu anayekiheshimu anachokisoma.

Kama unaanza, anza na Luka mpaka mwisho, kisha Matendo, maana mwandishi ni mmoja na habari inaendelea. Usome kwa sauti, na mwenzio mmoja au wawili, sura moja kwa kikao. Barua ya Paulo kwa Filemoni ni ukurasa mmoja tu. Isomeni jioni moja, na ikiwezekana isomeni Mkunazini.