Sabuni ya Mafuta ya Ng'ombe Inanuka Nyama: Kasoro Iko Wapi?

SWALI: Mtaalamu, salaam. Mimi ni mama mjasiriamali wa Igoma, hapa Mwanza. Nanunua mafuta ya ng'ombe buchani, nayayeyusha kwenye sufuria kavu juu ya jiko la mkaa, nayachuja, kisha natengeneza sabuni ya mche. Sabuni inatoka ngumu vizuri, lakini inanuka nyama hata nikitia manukato, na ikifika miezi miwili inatokwa na madoa ya rangi ya chungwa. Nimeambiwa niongeze kostiki soda. Jirani yangu naye ananishauri nichanganye mafuta ya sangara kwa kuwa hapa kwetu hayana shida kupatikana. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, salaam. Kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, usiiongeze, kwa sababu soda ikizidi kiasi cha mafuta itabaki ndani ya sabuni na kuwachoma wateja wako mikono, na harufu unayoilalamikia haitapungua. Kasoro iko kwenye mafuta yenyewe, na imeingia kabla hujafikiria kufungua kopo la soda.

Pande la mafuta unalokabidhiwa buchani si mafuta matupu. Ndani yake mna utando unaoshikilia mafuta, mishipa midogo, damu na vipande vya nyama. Ukiliweka kwenye sufuria kavu juu ya mkaa, mafuta yanayeyuka, lakini vitu hivyo vingine vinakaangika, vinageuka kahawia na kuachia harufu yake ndani ya mafuta. Chujio linazuia chembe zinazoonekana. Harufu na rangi iliyokwisha kuyeyuka havizuiliki kwa kitambaa. Manukato nayo huruka haraka, na yakishakwenda, ile harufu ya nyama ya kukaanga inabaki peke yake kwenye kabati la mteja. Madoa ya rangi ya chungwa ni jambo jingine lenye asili hiyo hiyo: ni mafuta yanayochacha kwa kushambuliwa na hewa, na yanachacha upesi zaidi yakiwa yamekaa muda mrefu kabla ya kuyeyushwa, yakiwa na maji au mabaki ya nyama, au yakigusana na kutu ya chuma au chombo cha shaba.

Kwa hiyo anza na ununuzi. Mwombe mwenye bucha akuwekee mafuta yanayozunguka figo, kwa kuwa ni magumu, yana nyama kidogo na yanatoa mafuta safi mengi kuliko vipande vinavyokatwa pembeni mwa mnofu. Usishtuke yakiwa na unjano. Ng'ombe wetu wanakula majani, na unjano huo unatokana na rangi iliyomo kwenye majani, si uchafu. Linalopaswa kukushtua ni harufu. Mafuta yaliyoshinda buchani siku mbili bila jokofu yana harufu kali inayokwaruza pua, na hayo hakuna namna ya kuyaosha yakarudi kuwa mapya. Ukifika nyumbani ondoa nyama na damu kwa kisu, kisha yakate vipande vidogo sana, au mlipe mwenye bucha ayapitishe kwenye mashine ya kusaga nyama. Kadiri vipande vinavyokuwa vidogo ndivyo mafuta yanavyotoka mapema, na ndivyo usivyolazimika kuyaweka motoni muda mrefu.

Sasa uyeyushe kwa maji. Kwa kila kilo moja ya mafuta tia lita moja ya maji safi na vijiko viwili vya chakula vya chumvi. Maji ndiyo mlinzi wako hapa: Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzijoto kama 96 za Selsiasi, na maadamu yamo sufuriani, mafuta yaliyo juu yake hayatapata joto la kuyaunguza. Chumvi inayafanya maji yawe mazito zaidi ili yatengane vizuri na mafuta, na inasaidia uchafu wa nyama kugandamana na kuzama. Moto uwe mdogo, maji yatokote taratibu kwa saa mbili mpaka tatu, na uongeze maji ya moto kila yanapopungua. Koroga mara kwa mara kwa mwiko wa mti. Vipande vikishanywea, chuja vyote kwa kitambaa safi cha pamba kwenye ndoo pana, funika, uache usiku kucha bila kutikisa.

Asubuhi utakuta pande gumu la mafuta limeelea juu ya maji machafu. Toboa ukingoni ili maji yatoke, kisha ligeuze pande lako juu chini, maana hapo ndipo pa kujifunzia kazi hii. Upande wa chini utaona tabaka laini, la kijivu au kahawia, linaloteleza kidoleni kama uji uliopoa. Ile ndiyo nyama na damu uliyokuwa ukiiuza ndani ya sabuni. Ikwangue kwa kisu mpaka ufikie mafuta meupe, tena usione uchungu kuondoa na kidogo cha mafuta pamoja nayo. Mwaga maji, osha sufuria, kata pande vipande, na urudie kuchemsha kwa maji mapya na chumvi, mara hii kwa nusu saa tu baada ya mafuta kuyeyuka. Watu wengi huishia mzunguko wa kwanza kwa sababu mafuta yameshaonekana meupe kwa juu. Usitazame juu, tazama maji ya chini. Yakitoka na rangi, bado. Kwa kawaida mizunguko mitatu inatosha, na ule wa mwisho ufanye kwa maji matupu yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi ikibaki kwenye mafuta inapunguza povu la sabuni.

Maji unayotumia yawe ya bomba au ya mvua. Ya ziwa yaliyochotwa ufukweni yana tope na mwani, nawe utakuwa unaingiza uchafu mpya ukijaribu kuondoa wa zamani.

Hatua inayorukwa kuliko zote ni kukausha. Pande la mafuta linaloonekana kavu huwa limeficha matone ya maji ndani. Lifute, liyeyushe peke yake kwa moto mdogo kabisa, na usikilize: maji yakiwamo, utasikia mlio wa kuchacharika na kuona vipovu vikipanda kutoka chini. Kaa hapo hapo jikoni mpaka mlio ukome na uso wa mafuta utulie, kisha epua mara moja, kwa sababu sasa hakuna maji ya kuyalinda. Yakishika moto, funika sufuria na uondoe mkaa. Kamwe usiyamwagie maji. Ukaushaji huu una faida nyingine ambayo mizani itakuonyesha. Ukipima kilo moja ya mafuta yenye gramu 50 za maji, mafuta halisi ni gramu 950 tu, lakini soda umeipigia hesabu ya kilo nzima. Maji yakibaki kwenye mafuta, soda inaweza kukuzidi hivyo bila wewe kujua.

Kuhusu mafuta ya sangara, jirani yako anakutakia mema, lakini mimi nisingeyatumia kwa sabuni ya kuuza. Mafuta ya samaki hayagandi kwa ugumu kama ya ng'ombe na yanachacha haraka zaidi, na yakichacha yanarudisha harufu ya samaki hata kama siku ya kwanza hukuisikia. Ukitaka mwenzi mzuri wa mafuta ya ng'ombe, tafuta mafuta ya mise yanayotoka Kigoma, yaani yale yanayokamuliwa kwenye kiini cha kokwa ya mchikichi. Mafuta ya ng'ombe yanaipa sabuni ugumu lakini povu lake ni hafifu. Mise inaleta povu.

Kwa mfano, chukua gramu 700 za mafuta ya ng'ombe yaliyosafishwa na gramu 300 za mise. Kila gramu ya mafuta ya ng'ombe inahitaji gramu 0.14 za kostiki soda ili igeuke sabuni, na ya mise gramu 0.176, kwa hiyo jumla ni gramu 98 na 52.8, yaani karibu 151. Punguza asilimia tano ili mafuta kidogo yabaki bila kugeuka na kulinda ngozi: utapima gramu 143, uziyeyushe kwenye gramu 330 za maji. Hiyo ni hesabu ya soda kavu ambayo haijanyonya unyevu, basi kopo lifungwe vizuri kila unapomaliza. Vaa glavu na miwani, na siku zote tia soda kwenye maji, si maji kwenye soda.

Tena usiiyeyushe soda kwenye sufuria zetu hizi za kawaida, maana ni za alumini. Nilipokuwa najifunza nilifanya hivyo kwa haraka zangu. Sufuria ilianza kuchemka yenyewe bila moto, ikageuka nyeusi, na gesi inayotoka hapo ni haidrojeni, ambayo inashika moto. Kuchemshia mafuta na maji ndani yake hakuna tatizo. Soda iyeyushe kwenye ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma cha pua.

Na ile miche yenye madoa uliyonayo, usiikwangue ukaichanganya na mafuta mapya ukidhani unaokoa mtaji, kwa sababu mafuta yaliyochacha yanaharakisha kuchacha kwa yale mazima. Itumie wewe mwenyewe kufulia matambara na kusugulia sakafu, hadi iishe.