Kuazimana Mtaalamu Kati ya Mashirika Madogo: Tuliyojifunza Iringa na Mbeya

Shirika letu la lishe ya watoto lina watumishi sita na ofisi ya vyumba viwili Iringa mjini. Kwa muda mrefu tuliamini kwamba tunachokosa ni fedha, mpaka mkaguzi wa hesabu alipokaa na majalada yetu siku mbili akatuonyesha kwamba hata fedha kidogo tuliyonayo hatujui kuiwekea kumbukumbu. Masurufu ya safari za wilayani Kilolo, yaani fedha anazotangulizwa mtumishi kisha azitolee hesabu kwa risiti, yalikuwa na miezi minne bila kurejeshwa, hati za malipo zilikosa saini ya pili, na kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango la ofisi, ambayo sisi wapangaji tulipaswa kuikata na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA), hatukuwahi kuikata hata mwezi mmoja. Uwezo wa kumwajiri mhasibu wa kudumu hatukuwa nao.

Dawa ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa semina. Tulialikwa kwenye mafunzo ya siku tatu ya usimamizi wa fedha katika hoteli moja jijini Mbeya, nikaenda mimi kwa kuwa ndiye mratibu, ingawa hati za malipo ofisini kwetu huandaliwa na dada mwingine kabisa. (Posho nayo ilinishawishi, nisifiche.) Nilirudi na cheti na kabrasha nene, na kabrasha hilo liliishia kabatini. Sisemi semina hazifai. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 iliporekebishwa mwaka 2019, na kampuni zisizogawana faida zilizokuwa zikifanya kazi kama zetu zikatakiwa kujisajili kwa Msajili wa Mashirika hayo, ilikuwa halali kabisa watu wengi kukusanywa ukumbini na kuelezwa kwa pamoja. Lakini kurejesha masurufu hakufundishwi ukumbini.

Kwenye semina hiyo nilikaa jirani na mratibu wa shirika la Mbeya linaloshughulikia lishe ya watoto kama sisi. Wao walikuwa na mhasibu mzuri, ila takwimu zao za vijijini zilikuwa vurugu: madodoso ya karatasi yaliyolowa mvua, na watoto wa miezi 14 walioandikwa kuwa na urefu wa sentimita 140. Sisi tulikuwa na kijana anayeimudu KoboToolbox, programu ya kukusanyia takwimu kwa simu ambayo hufanya kazi hata pasipo mtandao na kutuma majibu baadaye simu inapopata intaneti. Tukakubaliana kuazimana: mhasibu wao aje Iringa siku tano, kijana wetu aende Mbeya siku tano, kila shirika liendelee kumlipa mshahara mtu wake, na mwenyeji agharimie nauli, malazi na chakula.

Mama yule mhasibu hakuja na slaidi. Aliomba jalada la mwezi uliopita, akamketisha mezani yule dada anayeandaa hati, akamwambia, "Kalamu shika wewe, mwanangu, mimi nitasoma." Kwa siku tano hakuandika tarakimu hata moja mwenyewe. Mara mbili nilijaribu kuingilia ili kazi iende haraka, na mara mbili alinitoa chumbani kwa adabu. Naye kijana wetu, kule Mbeya, alitengeneza dodoso linalokataa urefu usiowezekana kwa umri wa mtoto, kisha akaenda nao kijijini kulijaribu, maana dodoso lisilojaribiwa juani huonekana kamilifu. Ndiyo sababu ushauri wangu wa kwanza ni huu: mwazime mtu, mkalishe na mfanyakazi anayeifanya kazi hiyo kila siku wala si na mkubwa wake, na kazi iwe ya kweli, yenye tarehe ya mwisho.

Kinachokwamisha mashirika yetu kushirikiana hivi ni hofu ya kuibiwa andiko au mfadhili. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, udumavu (mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotarajiwa kwa umri wake) kwa watoto wa chini ya miaka mitano ulikuwa takriban asilimia 57 Iringa na asilimia 50 Njombe, huku wastani wa nchi ukiwa asilimia 30. Si ajabu basi kwamba mashirika mengi ya Nyanda za Juu Kusini yanaandika maandiko ya miradi ya lishe na kuyapeleka kwa wafadhili walewale. Hofu hiyo ina msingi. Tuliwahi kulionyesha shirika jingine rasimu ya andiko letu ili watusaidie kwenye bajeti, na miezi michache baadaye tukaikuta aya yetu nzima, hadi kosa letu la tahajia, ndani ya andiko lao. Hatukuacha kushirikiana kwa sababu hiyo, ila tangu hapo tunaandika hati ya makubaliano ya ukurasa mmoja inayosema ni ujuzi gani unaoazimwa, ni nyaraka zipi zitakazofunguliwa, na kwamba mgeni haondoki na nakala ya kitu chochote bila ruhusa ya maandishi.

Kwenye takwimu za watoto muwe wakali zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, haitoi msamaha kwa kuwa nyote mna nia njema. Mgeni anaweza kufundisha kwa takwimu zilizoondolewa majina ya watoto na ya wazazi wao.

Mengine ni ya kawaida. Mkurugenzi anayemwazima mtu wake akubali kwamba kwa siku tano kazi yake mwenyewe italala, asimpigie simu kila saa. Vikao vya kupanga sisi hufanyia Makambako, kwa kuwa kila upande unafika kwa basi na kurudi siku hiyohiyo. Epukeni Januari hadi Aprili kama kazi ina safari za vijijini, kwani barabara za Kilolo na Makete wakati wa mvua zinaweza kuila wiki yote mliyoazimana. Na baada ya miezi mitatu, mhasibu yule apige simu aulize swali moja tu, kama masurufu yanarejeshwa. Alipotuuliza sisi, mawili yalikuwa bado, na moja lilikuwa langu.