Jibu: Mnataka kutengeneza apu ya mateja? Anzeni na kitochi cha mama

Assalam alaykum wanajukwaa. Kijana ulofungua huu uzi umesema nyie ni vijana sita wa Wete, Pemba, mnajua kuandika programu, na mnataka kutengeneza apu ya kuwaunganisha watu wa shehia yenu, yaani mtaa wenu, na huduma za kuacha unga, yaani heroini, umeuliza muanzie wapi. Kuna mtu hapo juu kakujibu muanze na logo. Haya.

Mie programu sijui kuandika, mie nabadilisha skrini na kuchomelea chaji Mwanakwerekwe hapa Unguja, lakini kabla ya hapo nlikuwa teja miaka tisa, nikianza na koktel, yaani unga na bangi kwenye msokoto mmoja, nikaishia kwenye sindano, na sasa hivi mwaka wa saba sijagusa alhamdulillahi. Kwa hiyo simu na unga vyote nimevikaa ndani. Na kitu ambacho kwenye warsha hutokisikia ni hichi: simu ndiyo kitu cha mwanzo teja kukiuza. Si tivii, si baskeli. Simu inaingia mfukoni, haipigi kelele, na mnunuzi yupo hapo hapo maskani tunapokaa kuvuta. Niliuza yangu, nikauza ya kaka, nikauza ya shemegi yangu alokuja kututembelea kutoka Tanga, mwisho nikauza Nokia ya tochi ya bi mkubwa, na yule mnunuzi akanipa pesa haifiki hata ya kete moja, kile kipakti kidogo cha unga, akaniambia shukuru. Sasa hiyo apu yenu itakaa kwenye simu ya nani?

Itakaa kwa mama. Au kwa mke, au dada. Mama yangu baada ya ile Nokia alinunua kitochi chengine akawa analala nacho, anakifunga kwenye pindo la kanga fundo mbili, na mie nlikuwa nikilisikia lile fundo usiku anavyojigeuza.

Ndo hicho kilichoniokoa. Arosto kwa asiyeijua ni yale maumivu ya kukosa unga, masaa kumi na mbili tu toka kete ya mwisho au hata chini ya hapo ushaanza kupiga miayo na pua inachuruzika, halafu matumbo, halafu mifupa inauma kama mtu anaipindua, na haikupi nafasi ya kusubiri kesho saa za kazi. Nlikuwa na namba nimeandikiwa kwenye kipande cha pakti ya sigara na jamaa mmoja wa soba, zile nyumba za wanaoacha unga, nimekaa nayo miezi. Saa nane na nusu usiku nikamwambia mama nipe simu. Akaniangalia, akafungua fundo moja, akasita, akafungua la pili. Vocha hamna. Nikabipu mara moja, nikaona bora nimrudishie tu mama simu yake, na kabla sijamrudishia ikaita. Yule mtu hakuniuliza jina wala natokea wapi, kaniuliza "ushakunywa maji?" Akakata, akapiga tena baada ya muda, akapiga tena, mpaka adhana ya alfajiri, na kulipopambazuka alikuwa nje ya nyumba na vespa yake.

Akanipeleka Kidongo Chekundu, kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, iliyofunguliwa 2015. Watu wengi huku kwetu wanadhani methadoni ni sindano ya kumaliza kazi siku moja. Ni dawa ya kunywa, nesi anakumiminia kwenye kikombe, unakunywa mbele yake, unaongea neno ili ajue umemeza, kesho tena, keshokutwa tena. Inakaa mwilini zaidi ya siku nzima ndo maana arosto haikupati na akili inatulia, lakini maana yake ni kwamba kila siku ya Mungu uwepo pale. Mie nlikuwa natoka Bumbwini kwa daladala. Kilichokuwa kinanishinda si dawa, ilikuwa nauli na uvivu wa siku ya nne ya mvua. Hapo ndipo simu inafanya kazi kwelikweli, mtu akikosekana leo apigiwe leo, si mwisho wa mwezi wakati wa kujaza ripoti.

Na hili limeshapimwa, ingawa si kwa unga. Kenya walifanya utafiti kwa watu wanaoanza ARV, dawa za virusi vya ukimwi, matokeo yake yakatoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010, watu 538. Nusu yao kila Jumatatu walikuwa wanatumiwa meseji ya neno moja: "Mambo?" Mtu anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya masaa 48, akisema shida au akinyamaza, nesi anampigia. Basi. Walotumiwa meseji, 62 katika mia walikuwa wanameza dawa inavyotakiwa, walokuwa hawatumiwi ni 50. Hakuna apu hapo, kitochi cha elfu ishirini kinatosha. Wamarekani kwa upande wao 2017 waliidhinisha apu ambayo daktari anamuandikia mgonjwa kama anavyomuandikia dawa, inaitwa reSET, ya watu wenye uraibu, kitu cha kitaalamu kabisa, na kampuni yake ikafilisika 2023. Simaanishi ilikuwa mbaya, lakini kama wao pesa zote zile imewashinda kuiendesha, nyie na bando zenu za wiki mtafakari.

Halafu angalia uzuri wa hilo neno "Mambo?" Mtu yeyote akilisoma halimwambii kitu. Nimeshaona kinyume chake kwa macho yangu. Dada mmoja tulokuwa tunakunywa nae dawa (wanawake wapo, wengi tu, wanajificha kuliko sie) simu yake ilikuwa inachajiwa dukani, ikaingia meseji ndefu "kumbuka dozi yako ya methadoni", yule muuza duka akaisoma kwa sauti. Jioni mama mkwe anajua. Wiki ile hakuonekana, na kumrudisha ilichukua miezi.

Mradi mwengine, jina naliacha, walizindua apu ukumbini kwa fulana na juisi. Ukiifungua inataka jina kamili, umri, shehia, unatumia nini, unapata wapi. Unapata wapi! Nani ataandika? Teja akiona fomu anaona polisi, na hata kama nyie nia yenu safi, hiyo orodha siku ikianguka mikononi mwa mtu ni kijiji kizima mmekitia ndani. Msichukue majina. Mpeni mtu jina la siri achague mwenyewe, mmoja wetu alijiita Pweza miaka miwili na kliniki ilimjua hivyo kwenye simu. Na hiyo apu yao ya fulana, baada ya miezi mitatu namba ya msaada ikawa haipatikani, na hapo bora isingekuwepo, kwa sababu mama anabipu mara moja tu maishani, akikosa harudi tena.

Kinga nayo, msiandike makala. Rekodini sauti ya dakika moja, WhatsApp, mama mmoja akiipenda kesho iko Konde mpaka Mkoani. Na ziwe kwa Kipemba chenu. Sie tuliwahi kuletewa sauti zilizorekodiwa Dar, kina mama wakacheka lafudhi mpaka ujumbe ukapotea. Waambieni vitu vya kuonekana: mboni ya jicho imekuwa ndogo kama nukta hata kizani, mtoto anasinzia na sigara mkononi, vijiko vinapungua jikoni, zile karatasi za kung'aa za ndani ya pakti ya sigara zimetupwa chooni.

Na sauti moja ambayo nakuombeni muirushe kila mwaka mwisho wa Ramadhani. Wengi wetu huwa tunaacha mwezi mtukufu, mtu anajikaza siku ishirini na tisa, Idi mosi anarudi maskani na kanzu mpya anachukua kipimo kile kile cha Shaabani. Mwili ushasahau. Ule unga alokuwa anauhimili sasa unamzima pumzi. Idi pili moja tulimzika rafiki yangu kwa hilo, na walokuwa nae walimmwagia maji baridi na kumnywesha maziwa wakakimbia kuogopa kesi. Sauti iseme: kama anakoroma na midomo imegeuka rangi na haamki, usimnyweshe kitu, mlaze ubavu asipaliwe, ukiona pumzi imekata mpulizie mdomoni, mkimbize hospitali na uwaambie wazi ni unga, kuna dawa inaitwa naloksoni inamrudisha.

Kwa hiyo kabla hamjaandika hata mstari mmoja wa programu, tafuteni watu watatu wa kushika simu kwa zamu usiku, angalau mmoja awe aliyewahi kutumia na mmoja awe mwanamke, na pesa zenu mlizotenga za "disaini" ziwe vocha zao. Nendeni kwa sheha mumwambie asije kusikia pembeni, na kwa ustadhi wa chuo cha Kurani, maana kina mama wakishindwa kwengine kote huko ndiko wanakoanza kulia.

Mkishawapata hao watatu niandikieni hapa hapa. Nna vitochi vitano nilivinunua vibovu nikavitengeneza, betri zinakaa siku nne, ntavipakia kwenye boti mkavipokee Mkoani. Chaja ni mbili tu lakini, mtagawana.