SpamAssassin kukwama sekunde 15 kwa kila barua pepe
Umeuliza kama barua hukwama sekunde 15 kwa sababu SpamAssassin, programu ya kuchuja barua taka, huuliza orodha nyeusi (orodha za anwani zinazojulikana kutuma barua taka) moja baada ya nyingine. Hapana ndugu, haifanyi hivyo. Huziuliza kupitia DNS (mfumo wa kutafuta majina na anwani za mtandao), ikituma maswali yote kwa mkupuo, kisha huendelea kukagua maneno ya barua huku majibu yakiingia. Mwishoni ndipo hungoja yaliyobaki. Hizo sekunde 15 ni kiwango cha kawaida cha rbl_timeout, yaani mpangilio wa muda wa juu wa kungoja majibu, nao hufupika kadiri majibu yanavyofika. Ukizimaliza sekunde zote 15, basi karibu hakuna kilichojibiwa. Tatizo liko kwenye seva ya DNS unayotumia. Weka Unbound, programu ya seva ya DNS, kwenye seva hiyohiyo ya barua, andika dns_server 127.0.0.1 (yaani seva yenyewe) kwenye mipangilio ya SpamAssassin, halafu jaribu kuiuliza orodha ya Spamhaus, shirika linalotunza orodha nyeusi:

dig 2.0.0.127.zen.spamhaus.org

Ikirudisha 127.0.0.2, uko sawa. Tafadhali usipitie 8.8.8.8, DNS ya umma ya Google: Spamhaus huyakataa maswali ya huko, na barua taka zitapenya kimyakimya.