Ukitafuta nasaba ya mkulima wa Quebec, anza na ndoa

Mume wangu ni mwenyeji wa Quebec, jimbo la Canada linalozungumza Kifaransa. Baba mkwe aliijua nasaba yake hadi kwa babu mmoja tu, mkulima wa kando ya Mto Saint-Laurent, na wenyewe hawakuwa na haraka ya kujua zaidi. Kazi nikaibeba mimi. Sasa wenzangu waliooa au kuolewa huku wananiuliza waanzie wapi, maana watoto wao wanauliza.

Usihangaike kwanza na tarehe ya kuzaliwa. Tafuta ndoa. Padri wa zamani alipofungisha ndoa kwa kawaida aliandika majina ya wazazi wa pande zote mbili, na mama alitajwa kwa jina la ukoo wa baba yake, kwa sababu wanawake katika vitabu hivyo walibaki na jina la kwao hadi kaburini. Kwa hiyo ndoa moja inakupa jozi mbili za wazee. Unatafuta ndoa zao nao, na unazidi kupanda. Ukiikosa kwenye parokia ya bwana harusi, nenda vijiji vya jirani: mara nyingi harusi ilifanyika kwao bibi harusi.

Vitabu vipo, tena vingi. Rejista ziliandikwa nakala mbili, moja ikabaki kanisani na nyingine ikapelekwa mahakamani, kwa hiyo kanisa likiungua si lazima kila kitu kipotee. Picha za rejista hizo zinapatikana mtandaoni kwenye mkusanyo uitwao Drouin, na kwa miaka ya kabla ya 1800 kuna hazina ya kumbukumbu ya PRDH, mradi wa utafiti wa historia ya watu wa chuo kikuu cha Université de Montréal, inayoanzia 1621. Hizi mbili hudai malipo kwa sehemu kubwa. Mimi nasema lipa mwezi mmoja, lakini uwe umeshajiandalia maswali.

Ubatizo una mtego wake. Karibu kila mvulana ni Joseph na kila msichana ni Marie; jina aliloitiwa nyumbani kwa kawaida ndilo la mwisho. Na mtoto akifa mchanga, anayefuata aliweza kupewa jina lile lile, kwa hiyo pitia na maziko kabla ya kushangilia.

Halafu kuna majina ya ukoo yanayokwenda mawili mawili, yameunganishwa na neno «dit», yaani «aitwaye». Askari wa kikosi cha Carignan-Salières kutoka Ufaransa walifika 1665, na kama 400 kati yao wakabaki kulima. Wengi walikuwa na jina la kijeshi, nalo likarithiwa. Mtu wa ukoo wa Hudon dit Beaulieu anaweza kubatizwa Hudon akazikwa Beaulieu, na ndugu yake kinyume chake. Andika yote mawili kwenye daftari tangu mwanzo. Njia ikivuka mpaka kuingia Marekani, walikokwenda watu kama 900,000 kati ya 1840 na 1930, wengi kwenye viwanda vya nguo, jiandae kukuta jina limetafsiriwa kwa Kiingereza: Boisvert akiitwa Greenwood na Roy akiitwa King.

Wengi huishia kanisani. Mimi naona utamu uko kwa notari, yule mwandishi rasmi wa mikataba, kwa sababu mkulima aliyeshindwa hata kutia sahihi alikwenda kwake kwa kila jambo: kupewa shamba, mkataba wa ndoa, mirathi. Tafuta hasa mkataba wa mzee kumwachia mwanawe shamba angali hai. Humo mzee anaorodhesha anachodai kila mwaka hadi afe: ngano, nguruwe aliyenona, kuni zilizokwisha kupasuliwa, tumbaku, farasi wa kumpeleka kanisani, na misa baada ya kifo chake. Inaonekana hakumwamini mwanawe kwa maneno matupu! Hati nyingi za namna hii ziko kwenye tovuti ya BAnQ, maktaba na nyaraka za taifa za Quebec, na kuzisoma ni bure. Mwandiko ni wa kuchosha macho, lakini maneno ya mikataba yanajirudia. Ukishaumaliza wa kwanza, wa pili utakwenda haraka.