Dogo sauti imevunjika katikati ya sizoni: nawajibu mnaouliza katuni ya mtoto anayekua inaandikwaje

Meseji za mashabiki wa katuni yetu nazipata kila wiki na nyingi zinauliza mambo yaleyale, mwisho mnaujua tangu mwanzo au mnabuni mkiwa njiani, mbona yule binti kila siku kavaa gauni lilelile, na kubwa kuliko zote, ile dogo, yaani mdogo wake binti, anampigia mama yake simu mlipanga au ilitokea tu. Leo najibu zote hapa, hasa kwa nyie ambao naona kabisa mnataka kuandika ya kwenu.

Ya nguo naimaliza haraka. Mhusika mmoja anachorwa mbele, ubavuni, mgongoni, halafu kwenye kompyuta anaungwa viungo kama karagosi ili wachoraji wasianze upya kila tukio. Ukimbadilisha gauni kazi hiyo inarudiwa karibu yote. Ndo maana binti wetu ana sare ya shule na gauni moja la nyumbani, na siku niliyotaka avae dera kwenye harusi ya shangazi yake ilibidi nikate tukio zima la sokoni ili wachoraji wapumue.

Sasa jambo lenyewe, na hili mimi nilichelewa sana kulijua: mtoto wa kuchora hakui. Kwenye tamthilia ya kawaida ukimwacha mtoto miezi sita ukarudi unamkuta karefuka, kanenepa, kaanza aibu, kamera inachukua tu. Wa kuchora utamkuta vilevile, ana miaka 12 mpaka wewe useme ana 13. Kwa hiyo kukua kwake kote kunatoka kwako mwandishi, na wengi tunakosea hapo, tunadhani kukua ni mhusika asimame mwisho wa epizodi aseme amejifunza nini. Hapana jamani. Angalia katuni ya Avatar: The Last Airbender, ilirushwa 2005 mpaka 2008, epizodi 61, lakini ndani ya hadithi hata mwaka haujaisha, na bado Aang, yule mtoto shujaa wake, unayemuacha mwisho siye uliyemkuta mwanzo. Urefu haujaongezeka, kilichobadilika ni anachokubali kubeba. Na hapo ndo jibu langu la mwisho mnaujua au la: najua mtoto atabeba nini siku ya mwisho, njia ya kufika huko naitafuta.

Skripti yangu ya kwanza ya tukio la daladala niliijaza watu. Asubuhi Mbagala, daladala imeshona, konda anawakatalia wanafunzi, mama mmoja anagomba, kurasa mbili nzima. Dairekta akaisoma kimya, akaniuliza, dada, humu ndani wapo wangapi? Nikasema kama arobaini. Akachukua kikokotoo akanionyesha: dakika 11 ni sekunde 660, ukienda na picha 12 tu kwa sekunde unakaribia picha 8,000 kwa epizodi moja, na hapo hujaweka watu arobaini wanaoyumba kila gari likifunga breki. Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea kweli. Nikaandika upya: tunaona mlango tu, mkono wa konda unachezesha sarafu kiganjani, sauti yake inasema mwanafunzi mmoja, mmoja tu! Binti na mdogo wake wapo wawili. Anamsukuma mdogo wake apande, mlango unafungwa, yeye anabaki kituoni na vumbi. Epizodi tatu kabla yake angepanda yeye kwanza. Hamna maneno pale na kila mtu ameelewa, na ningekuwa na bajeti ya watu arobaini nisingelipata lile tukio.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza, usianze na nguvu za ajabu wala ramani ya dunia yako, anza na kitu kimoja kidogo ambacho mtoto atakifanya mara mbili, mwanzoni na baadaye sana, halafu mara ya pili akifanye tofauti. Na hivyo vitu vidogo vipo kwa watu, vitafute huko. Bibi yangu Mzaramo akinihadithia alivyowekwa ndani alipokuwa mwali, hajawahi kusema "ndo nikawa mkubwa". Anachosimulia ni kwamba alikuwa anasikia wenzake wanacheza rede nje, anawatambua mmoja mmoja kwa sauti, na siku moja akagundua hatamani tena kutoka kucheza, na hilo ndo lilimliza. Mimi hapo nikaona ile epizodi ya binti kuugua, kalala ndani dirisha liko wazi, imeshajiandika.

Haya, dogo na simu. Watu wengi hawajui kwamba kwenye katuni nyingi sauti inarekodiwa kwanza, wachoraji wanafuata mdomo baadaye. Mtoto anayeigiza mdogo wake binti alianza na sisi ana sauti nyembamba safi. Katikati ya sizoni akaja siku moja, chumba cha kurekodia tumebandika magodoro ukutani, feni imezimwa kwa sababu ya kelele, joto la Dar mnalijua, akafungua mdomo sauti ikatoka nzito, ikapanda, ikakatika. Akajaribu tena, vilevile. Akavua hedifoni akaziweka mezani polepole akasema samahani anti, nikaona macho yameshalengwa.

Wengine walitaka tutafute mtoto mwingine, na siwalaumu, epizodi nne zilikuwa zishapangwa. Mimi nilikataa. Nilikumbuka katuni ya Adventure Time, sauti ya Jeremy Shada aliyemuigiza mhusika mkuu Finn ilipobadilika wakamuacha Finn naye akue, alianza na miaka 12 akamaliza na 17. Nikasema sisi hapa tunaandika kuhusu watoto kukua, mtoto kakua mbele yetu, halafu tumfukuze?

Nilitoka koridoni kumuelezea mama yake asiwe na wasiwasi, yeye akacheka kidogo akaniambia hata mimi juzi kanipigia kwa simu ya jirani nikamuuliza nani mwenzangu, akanyamaza, nikakata. Aliposema nikakata hakuwa anacheka tena. Nikamuomba ruhusa palepale niliandike, akakubali, na usiku ule ule nikaliandika.

Ndo ile mnayoiulizia. Dogo kashika simu, anasema haloo mama, upande wa pili kimya kidogo, halafu "nani mwenzangu?" Kisha sekunde tatu ambazo hamna kitu, picha moja tu imesimama, unasikia anavuta pumzi. Hatukumwandikia cha kusema. Dairekta alimwambia apumue tu, na tulirekodi mara moja ikatosha. Na ile sauti ya mama mnayoisikia kwenye simu ni ya mama yake mwenyewe, alikuwa amekaa nje anamsubiri, tukamuita ndani.