Mama ameacha miwani: je, matone yamemponya?

Swali: Dokta, mama yangu ana miaka 67, anauza vitenge soko la Kadutu hapa Bukavu. Aliambiwa ana mtoto wa jicho. Jirani akampa matone, na sasa anatunga uzi kwenye sindano bila miwani! Ila mtu aliye mbali hamtambui, na juzi alimpa mteja kitenge cheusi akidhani ni cha buluu. Anapona?

Jibu: Dada, natamani ningekujibu ndiyo, lakini hapana.

Wengi hudhani mtoto wa jicho ni ngozi inayoota juu ya jicho. Kumbe tatizo liko ndani, nyuma ya mboni, kwenye lenzi. Lenzi ya kijana ni ang'avu. Umri unapoenda, protini zake hushikamana, ikaingia ukungu na kugeuka manjano, hata kahawia. Kiini chake kikiwa kigumu, hupinda mwanga kwa nguvu zaidi, ndiyo maana mzee huanza kuona vitu vya karibu bila miwani, huku vya mbali vikizidi kufifia. Nafuu hiyo hupita. Na ile manjano huzuia mwanga wa buluu, basi buluu iliyokolea na nyeusi zikawa kitu kimoja machoni pa mama.

Hakuna tone lililothibitishwa kusafisha lenzi. Dawa ni upasuaji: jicho hutiwa ganzi, lenzi chafu hutolewa, ya plastiki huwekwa, na kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Daktari wa macho Mwingereza, Harold Ridley, aliweka lenzi ya kwanza ya namna hiyo London mwaka 1949.

Mtaambiwa msubiri mpaka “iive”. Msisubiri. Mfanyabiashara asiyetofautisha vitenge vyake tayari ana sababu ya kutosha, na lenzi iliyoiva kupita kiasi huwa ngumu kuitoa, wakati mwingine hupandisha presha ya jicho.

Kabla ya upasuaji apimwe sukari na presha ya jicho, kwani presha hiyo ikiharibu mshipa wa fahamu wa jicho, uoni uliopotea haurudi.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile kichupa. Matone mengine yana dawa za jamii ya kotizoni (za kutuliza uvimbe na wekundu), ambazo zikitumika muda mrefu zenyewe huleta mtoto wa jicho na kupandisha presha ya jicho. Asiendelee kuyatia kabla hayajakaguliwa. Mpelekeni kliniki ya macho wiki hii, na kichupa mkibebe. Jicho likiuma au kuwa jekundu, nendeni siku hiyohiyo.